Nyumba Iliyofagiwa Haikai Tupu

Masomo: 1 Samweli 16:14–23, Luka 11:24–26, 1 Wathesalonike 5:23

 

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu. Mama mmoja aliniuliza kwa sababu binti yake amerudi kutoka Nairobi akiwa amejifunza yoga, na sasa anataka kuwafundisha akina mama wa chama chao mazoezi jioni, omena zikishaanuliwa. Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza kwa sababu ameona kwenye simu kwamba muziki na kuchora vinaponya akili. Na ndugu mmoja mvuvi, ambaye hajapata usingizi mzuri tangu mashua yao ipinduliwe na dhoruba usiku, aliambiwa na rafiki yake awe anakaa kimya, anafumba macho na kutafakari. Wote watatu walimalizia na maneno yale yale: "Mchungaji, hiyo ni halali kwa mtu aliyeokoka?"

Nitawajibu leo, mmoja mmoja. Lakini ndugu zangu, kabla hatujabishana kuhusu dawa, tukubali kwanza kwamba kuna mgonjwa.

Watu wetu wanaumia

Hapa Luanda Kotieno tunajua kuhesabu hasara. Nyavu zikiibiwa tunajua bei. Injini ikizama tunajua bei. Lakini mtu akirudi kutoka ziwani na wenzake wawili hawakurudi, hasara yake tunaihesabu namna gani? Anaonekana ufuoni, anasalimia, anapanda feri kwenda Mbita na kurudi, tunasema yuko sawa. Usiku mke wake ndiye anajua hayuko sawa. Na kwa sababu tumelelewa kwamba mwanaume halii, anatafuta kitu cha kunywa.

Nchi yetu imeanza kuliona jambo hili. Mwaka 2020 jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza hali hiyo itangazwe kuwa janga la taifa. Na mpaka Januari 2025, mtu aliyejaribu kujiua Kenya alikuwa anashtakiwa kama mhalifu, kwa kifungu cha 226, hadi Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Yaani mtu amechoka na maisha, na sisi tunamwongezea selo.

Sasa kanisa nalo lisimwongezee. Kuna watu wanakuja mbele kuombewa, na wakirudi na uzito ule ule tunawaambia, "Imani yako ni ndogo." Msome Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Alimwacha alale. Akatuma malaika na mkate na maji. Akamwacha alale tena. Safari na ile sauti ya utulivu vilikuja baadaye. Mungu alianza na mwili wa Eliya, mtu aseme Amina.

Ndiyo maana Paulo anapowaombea Wathesalonike anataja vyote vitatu: roho, nafsi na mwili. Mungu wetu hanunui kichwa cha mbuta na kuacha mkia. Anakuchukua wote.

Kinubi ni zawadi, lakini kinubi si mwokozi

Kijana wa kwaya, jibu lako liko kwa Sauli. Mfalme alisumbuliwa rohoni, na watumishi wake hawakumshauri atafute jeshi. Walimshauri atafute mtu ajuaye kupiga kinubi. Daudi akaja, akapiga kwa mkono wake, na Biblia inasema Sauli alipata nafuu. Elisha naye, katika 2 Wafalme 3:15, aliitisha mpigaji kinanda kabla ya kutoa neno la Bwana. Kwa hiyo mtu akikuambia muziki unatuliza akili, usishangae kana kwamba ni habari mpya kutoka Ulaya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikaonyesha kwamba kuimba, kucheza, kuchora na kazi za mikono vinasaidia mwili na akili. Sisi tulikuwa na habari hiyo tangu nyumbani kwa Sauli.

Na tulikuwa nayo hapa pia. Nyatiti ina nyuzi nane, na wazee wetu waliipiga matangani ili huzuni ipate mlango wa kutokea. Wengi wa wamisionari wa kwanza waliofika Nyanza walisema ngoma na nyatiti ni mambo ya kipagani, viachwe nje. Leo angalia madhabahu yetu: ngoma iko hapa, na inamsifu Yesu. Mti ni wa Mungu na ngozi ni ya Mungu. Tulichoacha nje ni majina ya mapepo yaliyokuwa yakiitwa kwa ngoma hiyo.

Hata maombolezo ni ya Biblia. Sauli na Yonathani walipokufa, Daudi alitunga ombolezo, tena akaagiza watu wa Yuda wafundishwe. Soma 2 Samweli 1. Hakuwaambia, "Nyamazeni, muwe na imani." Mama mjane anayeimba huku analia hajamkosea Mungu.

Na mikono je? Mtu wa kwanza kutajwa kwa jina katika Biblia kwamba Mungu amemjaza Roho wake ni Bezaleli, Kutoka 31. Hakuwa mhubiri. Alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Kwa hiyo akina mama mnaosuka vikapu, na wale wa Kisumu wanaolichukua gugumaji linalotufungia ziwa na kulitengenezea viti, msidhani mnapitisha muda tu. Mkono ukiwa na kazi nzuri, moyo nao unapata pa kushika.

Lakini sasa fungua 1 Samweli 18 na 19. Daudi yule yule, kinubi kile kile, nyumba ile ile. Sauli akamrushia mkuki. Mnaona? Muziki ulimpa nafuu, haukumpa toba. Wivu ulibaki, na kila wimbo ulipoisha ulimkuta Sauli yule yule. Nafuu ni njema, ipokee na ushukuru. Ila usiiite wokovu. Kijana wangu, piga kinanda, chora, na yule anayesikiliza umpeleke mpaka kwa Yesu, usimwache kwenye wimbo.

Kutafakari: unajazwa na nini?

Ndugu yangu mvuvi, kutafakari hakukuanzia kwa wageni. Isaka, katika Mwanzo 24:63, alitoka kwenda kondeni jioni kutafakari. Yesu mwenyewe alipoona wanafunzi wamezongwa na watu hata kula hawawezi, aliwaita kando wapumzike kidogo, nao wakaondoka kwa mashua. Marko 6. Wavuvi wale walikuwa na siku za kupumzika kwa amri ya Bwana.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kutafakari" katika Zaburi ya 1 ni *haga*. Neno hilo hilo linatumika kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake, Isaya 31:4, na kwa hua anayelia kwa huzuni, Isaya 38:14. Kwa hiyo si kukaa bila wazo lolote. Ni kulinong'ona neno, kulirudia, kulitafuna, kama mtu anayeongea peke yake njiani. Kutafakari kwa Biblia kuna chakula mdomoni.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Kuna mafundisho yanayosema, ondoa kila kitu akilini, baki mtupu, huko ndani utajikuta wewe ndiye mungu. Yesu alitupa mfano katika Luka 11: pepo mchafu ametoka, nyumba imefagiwa, imepambwa, lakini haina mwenyewe. Yule pepo akarudi na wenzake saba. Kufagia hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba nyumba iliachwa bila mwenyeji. Nyumba iliyofagiwa haikai tupu, wapendwa. Mtu ataingia tu.

Basi ndugu, fanya hivi usiku usingizi ukikataa. Keti kitandani. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Hata daktari atakuambia pumzi ya polepole inatuliza mapigo ya moyo, na pumzi hiyo Mungu ndiye aliyempulizia Adamu puani, Mwanzo 2:7. Kisha chukua mstari mmoja wa Zaburi ya 23 au ya 46, unong'one na pumzi yako, ukiingia na ukitoka. Picha ya usiku ule ikirudi, usipigane nayo. Mwambie Yesu unachokiona, kwa jina la kila mwenzako. Yeye amewahi kulala ndani ya mashua iliyopigwa na dhoruba.

Yoga: tuseme ukweli wote

Sasa mama wa binti. Mama, asante kwa kuuliza badala ya kugombana.

Yoga ni neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha. Kwa asili yake ni njia ya dini huko India, yenye hatua nane katika mafundisho ya Patanjali, na mazoezi ya viungo ni hatua moja tu kati ya hizo. Mwisho wa njia ile si mgongo kunyooka. Ni kufunguliwa kwa nafsi, bila msalaba. Anayesema yoga haijawahi kuwa na uhusiano na dini hasemi kweli. Lakini pia ni kweli kwamba mazoezi mengi ya leo yalipata sura yake katika karne iliyopita, kwa walimu kama Krishnamacharya wa Mysore, na watu wengi wanaokwenda darasani wanatafuta afya tu. Umoja wa Mataifa una siku yake, tarehe 21 Juni, tangu 2015. Hapa kwetu Africa Yoga Project ilianza Nairobi mwaka 2007, na vijana wengi wa mitaa ya chini wamepata kazi ya kufundisha. Binti yako hakuokota kitu kichakani.

Kwa hiyo nasemaje? Paulo alikutana na swali hili sokoni Korintho, juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Alijibu pande mbili. Nyama ni nyama, na dunia ni ya Bwana. Lakini meza ya mapepo usikae, na ndugu dhaifu usimkwaze. 1 Wakorintho 8 na 10. Tupime kwa maswali matatu.

La kwanza: nani anaitwa? Kuinama, kunyoosha mgongo uliovunjwa na ndoo na magunia ya omena, hiyo si dhambi. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hufanyiwa marekebisho. Lakini kama kuna kusalimu jua kwa ibada, au kurudia maneno ambayo ni jina la mungu mwingine, hapo toka, hata kama mgongo umepona.

La pili: nini kinajaza? Ukiambiwa nyamaza ili usikie pumzi yako, sawa. Ukiambiwa jifungue kwa nguvu yoyote itakayokuja, kataa.

La tatu: matunda yake ni nini? Mtu amekuwa mpole nyumbani, anasamehe, anapenda maombi? Au amekuwa na kiburi, anaona wokovu wa mama yake ni ushamba?

Ushauri wangu ni huu. Binti awafundishe akina mama kunyoosha viungo, aite mazoezi, waanze kwa maombi na wamalize kwa wimbo, bila maneno ya ibada nyingine. Mama ambaye dhamiri yake inamkataza, asilazimishwe na asichekwe. Na anayekuja, asiitwe mchawi. Nimesikia tayari neno hilo likisemwa nyuma ya kanisa, na nasema liishe leo. Jirani zetu Wahindu wa Kisumu wana mahekalu yao, tumefanya nao biashara tangu reli ilipofika 1901. Tunawaheshimu, na heshima hiyo haituhitaji tuabudu nao.

Tuondoke na nini?

Kwanza, maombi hayafukuzi hospitali. Kama hulali wiki mbili, kama unasikia sauti, kama umewaza kujidhuru, njoo tukuombee na kesho yake nenda Madiany. Mwambie daktari ukweli wote. Kama umepewa dawa, usiiache kwa sababu umewekewa mikono. Na zoezi lolote au wimbo wowote usiwe badala ya dawa hiyo.

Pili, tusimwachie ajuoga kazi yetu. Mtu anakwenda kwake usiku kwa sababu huko anasikilizwa mpaka amalize. Wewe mshirika, umemsikiliza nani mpaka akamaliza?

Tatu, Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya tutabaki saa moja. Hakuna mahubiri. Kutakuwa na wimbo, kimya, zaburi moja, na nafasi ya mtu kusema au kulia. Wanaume, nawataka ninyi hasa.

Yule mtu wa nchi ya Wagerasi alikutwa na Yesu kando ya ziwa kama hili letu. Watu wa kwao walikuwa wamemjaribia minyororo. Walipokuja wakamkuta ameketi, amevaa nguo, na akili zake timamu. Luka 8:35. Ameketi wapi? Miguuni pa Yesu. Alipona mwili, nafsi na roho, na nyumba yake ikapata mwenyeji.

Maombi

Baba, asante kwa pumzi, sauti na mikono uliyotupa. Wapoze walioona kifo ziwani. Walaze wasiolala. Fagia nyumba zetu, na usituache tupu, ingia ukae. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Mungu alimtendea Eliya nini kabla ya kuzungumza naye? Katika nyumba zetu tunaanzia wapi mtu akichoka?
2. Kwa nini kinubi kilimpa Sauli nafuu lakini hakikumbadilisha?
3. Chagueni mstari mmoja wa Zaburi. Kila mtu aunong'one kwa dakika tano, kisha aeleze ulichomfanyia.