Mkwaruzo wa Kidole
Nilipoacha chuo, nilianza kurekodi watu Migori. Mjomba akanipigia benga. Kila akihamisha vidole, nyuzi zilikwaruza: kwii! Nikaifuta mikwaruzo yote kwa kompyuta, mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata akafariki. Matangani, Homa Bay, nikacheza ile rekodi safi. Mkewe akauliza, "Huyu anayepiga ni nani?"

Gitaa la benga lilijifunza kwa nyatiti, ala ya nyuzi 8. Mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga mbaoni makusudi. Kwa hiyo si kila kelele ni uchafu. Mvumo wa umeme, futa. Sauti ya mkono wa mtu, muulize mwenyewe kwanza.

Mimi sikuuliza. Na faili ya kwanza nilishaifuta.