Pombe ya nyumbani ndani ya chupa ya Primus

Swali moja lilichukua jioni nzima kati ya wazee na vijana wa kikundi chetu, na mpaka sasa halijaisha: mtu akipika nyumbani pombe yenye ladha moja na ile ya kiwanda, ameiba kitu cha mtu?

Maneno yalianza juu ya mahari. Hapa kwetu Bukavu, ile orodha inayotolewa na familia ya binti, watu wa mjini wanaiita faktire, iko na ng'ombe (mara nyingi ng'ombe wa pesa tu), mbuzi, vitenge, na kazie za Primus. Zamani kasiksi ilitosha. Basi familia moja ilikosa pesa ya kazie, lakini kijana wao alijua kupika. Alitafuta shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, akaongeza mchele, akachemsha pamoja na hubloni inayoleta uchungu, akatia chachu, akaacha vyote mahali pa baridi kwa majuma mengi. Mwishoni akajaza chupa za Primus, zile za 72 cl, wakapeleka. Watu walikunywa, wakasifu. Ni chini ya chupa ndipo wazee waliona machicha meupe ya chachu, maana kiwanda kinachuja na kijana hakuwa na mashini ya kuchujia. Makelele yakaanza.

Wanaojua kazi hii wanasema si mchezo. Kasiksi inasamehe: ndizi zinaivia shimoni, zinakamuliwa na majani, unga wa mtama uliokaangwa unatiwa, siku mbili tatu imefika, na harufu yake nzito inafunika makosa. Pombe ya rangi ya dhahabu haina pa kuficha kosa. Chachu yake inataka baridi ya digrii 10 hivi, kisha pombe ilale majuma karibu na baridi ya barafu. Chombo kikiwa kichafu kidogo tu, ulimi unajua.

Je, ladha iko na mwenyewe? Sisi tunasema hapana. Hata Primus ni mtoto wa mwigo. Mwaka wa 1842, katika mji wa Plzeň, nchi ambayo leo inaitwa Cheki, Josef Groll, mpishi wa pombe kutoka Bavaria, alitoa pombe ya kwanza ya namna hii. Viwanda vya Ulaya vikaiga. Mwaka wa 1883, Emil Hansen, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, alitenga chachu safi ya pombe hizi, na kiwanda hakikuificha, kiligawia wengine. Brasserie de Léopoldville ilipoanzishwa mwaka wa 1923, ilikuta njia imekwisha kukatwa.

Lakini watu wa Plzeň waliandikisha jina Pilsner Urquell mwaka wa 1898, maana yake chemchemi ya asili. Ladha ilikuwa imekwisha kwenda zake, jina wakalishika. Hapo walifikiri vizuri. Jina ni ahadi ya mpishi kwa mnywaji: tumbo likikuuma, unajua wa kuuliza. Mama wa kasiksi hana etiketi, lakini anaonja wa kwanza mbele ya macho ya wote, na ni kitu kimoja. Chupa ya kijana ilitaja mtu ambaye hakujua habari yoyote ya ile pombe.

Mzee mmoja alitaka kufunga maneno: "Balitudanganya, basi." Mama mmoja akamuuliza: "Weye uliomba Primus, ao uliomba heshima?" Hapa ndipo penye ugumu. Kama mahari inapima taabu, kijana alilipa kuliko yule anayekopa pesa na kwenda dukani. Hata hivyo, anayepokea ana haki ya kusikia alichopewa, akubali ao akatae. Haki hiyo iliondolewa, na utamu wa pombe haukuirudisha.

Hata vile, hatuwezi kumwacha abebe mzigo peke yake. Tuliuliza wenye mabinti waliokuwa pale: angekuja na bidoni, akasema, "Hii tumepika sisi wenyewe, inafanana na Primus," mungepokea? Walinyamaza kwanza. Halafu mmoja akasema bidoni inaleta haya mbele ya wageni. Kumbe pombe haikuombwa, wala taabu haikuombwa. Iliombwa etiketi ionekane juu ya meza. Na etiketi waliipata.

Vijana wanataka faktire iandikwe "pombe" tu, bila jina la kiwanda. Wazee wengi wanakataa: wanasema siku hiyo wataletewa maji ya ndizi yasiyochacha. Wamama wanaopika kasiksi ndio wanaounga mkono vijana, na tunajua sababu yao, iko ndani ya mitungi yao.