Caguwa: Nani Alichagua, Nani Aliinama?

Kinyarwanda kina neno ambalo kimelichukua kutoka Kiswahili na kulibadilisha kidogo: caguwa. Ndilo jina letu la nguo za mitumba, na asili yake ni "chagua". Ni wito wa muuzaji aliyesimama kando ya rundo la nguo akiwaita wapita njia: chagua mama, chagua baba! Nimekua nikiusikia wito huo, kwa sababu mama yangu alikuwa mmoja wa wauzaji hao hapa Biryogo, Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za wafanyabiashara na askari walioingia nchini wakati wa Wajerumani.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: Je, ni haki kuwataka maskini wa leo wabebe maisha magumu ili taifa zima liishi vizuri zaidi kesho? Wachumi wanaweza kulijibu kwa hesabu ya faida na hasara. Kwa maoni yangu hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu anayepata hasara na anayepata faida si lazima wawe mtu mmoja. Nitalieleza jambo hili kwa mfano ninaoujua kutoka nyumbani, yaani ushuru wa caguwa.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea. Mwezi Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kukubaliana kuachana hatua kwa hatua na nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa ng'ambo. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia katika soko la Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilikataa. Mwaka 2017 Rais Kagame alieleza kwamba kuchagua hapo ni jambo rahisi, hata kama matokeo yake yanaweza kutuumiza. Tarehe 30 Julai 2018, Marekani iliisimamishia Rwanda nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Sababu za sera hii zina uzito, na mimi mwenyewe naziamini kwa sehemu kubwa. Nchi inayovaa nguo zilizochakaa kwa wengine haiwezi kujenga viwanda vyake, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachoweza kushindana na bidhaa iliyotolewa bure na mwenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wazee wa Tanzania na Kenya waliziita nguo hizi "kafa ulaya", wakiamini kwamba wenyewe walikwisha kufa. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kujitegemea, na hapa kwetu tuna neno agaciro, maana yake thamani au heshima ya mtu. Serikali ilisema kwamba agaciro na caguwa haviendi pamoja. Ilihimiza bidhaa za Made in Rwanda, ikapunguza ushuru wa malighafi kwa watengenezaji wa nguo, na viwanda vya nguo vikafunguliwa katika eneo maalumu la viwanda huko Masoro.

Sasa nirudi nyumbani. Robota moja la nguo lina uzito wa kilo 45 hivi. Kabla ya mabadiliko, ushuru wake ulikuwa dola 9. Baada ya mabadiliko ukawa dola 112.50. Mama hakuwa mwagizaji, alikuwa muuzaji mdogo aliyekuwa akichanga fedha na wanawake wawili wengine kununua robota moja na kugawana. Hakusoma tangazo lolote la ushuru. Alichoona ni kwamba asubuhi moja bei ya robota ilikuwa imepanda, wiki iliyofuata ikapanda tena, na wale wanawake wawili wakaacha kuja. Shati alilokuwa akiliuza faranga 1,500 sasa ilimbidi aliuze kwa bei ambayo wateja wake, waosha magari na wasaidizi wa mafundi ujenzi, walilishika, wakaligeuza, wakalirudisha. Mwaka 2017 alikiacha kibanda.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja alifua nguo za watu majumbani. Mimi nilikuwa naanza sekondari. Kaka yangu alikuwa mwaka wa nne wa sekondari, na ndiye aliyekuwa na akili ya hesabu katika familia yetu. Siku moja alivua sare, akaikunja vizuri, akamwambia Mama: "Mama, huyu mdogo aendelee. Mimi nitatafuta kazi." Alienda kubeba zege. Hakurudi shuleni.

Mwishoni mwa mwaka 2018, baada ya mafunzo ya ushonaji ya miezi mitatu katika ushirika mmoja, Mama aliajiriwa katika kiwanda cha nguo. Kwa hiyo nikisema sera ilimharibia maisha, nitakuwa nadanganya. Ilimpa ujuzi, ikampa mshahara unaokuja mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini mshahara huo ulikuwa faranga 45,000, na shati alilolishona lilikuwa likiuzwa dukani faranga 15,000. Aliniambia akicheka: "Mwanangu, nashona kola siku nzima, lakini siwezi kukununulia hata moja."

Katika somo la historia ya fikra za uchumi tulisoma kuhusu Adam Smith. Katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, akizungumzia kodi za bidhaa, anaeleza kwamba shati la kitani si kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila nacho. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila kitani. Hata hivyo, anasema, katika Ulaya ya siku zake kibarua mwenye kujiheshimu angeona aibu kutokea mbele za watu bila shati la namna hiyo. Kwa hiyo Smith analihesabu kuwa hitaji la lazima. Nilipoelezwa hayo darasani nilikumbuka koti langu la kwanza la caguwa. Nilipolivaa, hakuna mwanafunzi aliyejua kwamba nyumbani tulikula mlo mmoja. Koti lile lilinisitiri.

Hapo ndipo nilipoona kwamba neno agaciro lina pande mbili. Kuna heshima ya taifa mbele ya mataifa, na kuna heshima ya mtoto mbele ya wenzake darasani. Waziri anaweza kuona aibu kwamba nchi yake inavaa makombo ya Ulaya na Marekani. Aibu hiyo ni ya kweli. Lakini mtoto asiye na nguo nzuri anaona aibu yake leo, na aibu yake haipungui kwa kuambiwa kwamba taifa limeheshimika. Sera ya ushuru iliponya aibu moja kwa kuongeza nyingine, na waliobeba ile ya pili ndio waliokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuibeba.

Watetezi wa sera watanijibu: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli. Nchi zilizoendelea ziliwahi kulinda viwanda vyake, na kila ulinzi una bei. Lakini tuisome methali hiyo kwa makini. Tunafundishwa kwamba inahimiza uvumilivu, na mara nyingi hapo ndipo tunapoishia. Ndani yake mna haki pia. Anayetaka ndiye anayeinama, na anayeinama ndiye anayekitoa kile kilichomo mvunguni. Methali haisemi kwamba mmoja ainame na mwingine apokee. Kaka yangu aliinama. Nguo zikishonwa Rwanda kwa wingi miaka 20 ijayo, kiti chake cha mwaka wa nne hakitamsubiri. Kuna hasara ambazo taifa linaweza kuzifidia baadaye, na kuna nyingine ambazo zikishapita zimepita. Hesabu ya jumla huziweka zote katika safu moja, na hilo ndilo kosa lake.

Swali hili si letu peke yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wazalendo wa Bengali nchini India waliwahimiza watu wasuse vitambaa vya Waingereza na wavae vya kwao. Rabindranath Tagore aliwahi kuwaunga mkono, kisha akaandika riwaya ya Ghare Baire, iliyotoka mwaka 1916. Humo mwenye ardhi mmoja anakataa kupiga marufuku nguo za kigeni katika soko lake, kwa sababu anajua kwamba wachuuzi maskini ndio watakaoumia, na kwamba mzalendo tajiri anayewalazimisha hatapoteza chochote. Huyo mwenye ardhi si adui wa nchi yake. Yeye mwenyewe alitumia fedha zake kujaribu bidhaa za nyumbani. Anachokataa ni kununua uzalendo kwa mfuko wa mtu mwingine.

Je, basi serikali isichukue hatua yoyote inayomuumiza mtu? Hapana. Tukisema hivyo hatutabadilisha chochote, na maskini ndio watakaobaki pale walipo. Nadhani sera ya namna hii inaweza kuwa ya haki ikitimiza mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mzigo uhesabiwe kwa majina ya watu wanaoubeba, kisha ugawanywe. Kila robota lililoingia liliiletea serikali dola nyingi kuliko zamani. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kumfuata muuzaji mdogo kwa miezi ile ya katikati, kati ya kufunga kibanda na kupata kazi kiwandani. Mafunzo ya miezi mitatu ni mazuri, lakini mtu hali mafunzo. Kama Mama angelipwa kitu kidogo wakati akijifunza, na kama mafunzo yangekuja kabla ya ushuru badala ya kuja baada yake, nadhani kaka yangu angemaliza shule.

La pili ni kwamba anayeinama awe na sehemu yake katika kile kinachopatikana, na kwa mfanyakazi sehemu hiyo inaitwa mshahara. Hapa tuna pengo. Kima cha chini kinachotajwa hapa Rwanda ni faranga 100 kwa siku, kiwango kilichowekwa kabla mimi na wenzangu wa darasani hatujazaliwa. Leo faranga 100 hazinunui hata yai. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilimpa waziri mamlaka ya kuweka kiwango kipya kwa amri yake, na wafanyakazi wamekuwa wakikisubiri. Nchi ikiwa imeamua kumlinda mwenye kiwanda dhidi ya shati la mtumba, ni haki pia imlinde anayeshona shati. Wote wawili wako ndani ya ukuta uleule uliojengwa kwa ushuru uleule. Haifai mmoja alindwe na mwingine aachiwe soko.

Wakati nikiandaa insha hii nilimuuliza Mama kama angekuwa na uwezo mwaka 2016 angeupinga ushuru ule. Alikuwa anachambua mchele, akafikiri kidogo. Akasema: "Nisingeupinga. Hata mimi nilichoka kupekua nguo za watu wa mbali nikitafuta isiyo na doa. Ila wangekuja Biryogo watuambie: mwakani bei itapanda, jiandaeni, na tutawasaidia hivi na hivi. Ningemtafutia kaka yako namna."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vitabu vyote nilivyosoma muhula huu. Mama hakudai kwamba taifa lisimame kwa ajili yake. Alikuwa tayari kuinama. Alichotaka ni kuambiwa mapema, ili naye achague. Baadhi yetu tunaosoma sasa tutaajiriwa katika wizara na mashirika ambako viwango vya ushuru huandikwa. Siku hiyo ikifika, kabla ya kubadilisha tarakimu moja kwenye jedwali, twende kwanza sokoni tukamuulize muuzaji ni nani nyumbani kwake atakayeacha shule.