PANGO LENYE BARIDI NA MZEE ALIYEBAKI JUANI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Kila Ijumaa wengi wetu tunasoma Suratul Kahf, Sura ya Pango. Leo tutazame jambo moja la mapango: ubaridi wake.

Huko Ulaya, jua la kiangazi likizidi, watu wanalipa tiketi na kushuka katika mapango ili wapumzike na joto. Ufaransa kuna shimo liitwalo Padirac. Kutoka mdomoni mpaka chini ni mita 75, na huko chini unapita mto ambao wageni wanaupanda kwa mashua. Nje jua linaweza kuchoma namna gani, ndani ni nyuzi 13 tu, kiangazi na wakati wa theluji. Sababu ni kwamba mwamba mnene hauruhusu joto la mchana lishuke upesi. Pango la chini linashika joto la wastani wa mwaka mzima. Hiyo ni hekima ya Muumba.

Je, Mwislamu anayekimbia joto anafanya kosa? Hapana. Katika Suratun Nahl Mwenyezi Mungu anahesabu vivuli na maficho ya milimani kati ya neema zake kwetu. Vijana wa pango aliwalinda hata na jua: likichomoza lilielekea upande, likizama liliwapita. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alituruhusu kuchelewesha sala ya adhuhuri joto linapokuwa kali. Dini yetu haimtaki mtu aungue bure.

Lakini kila neema ina hesabu yake. Wakati wa safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, walikuwako waliosema: msitoke katika joto hili. Maneno yao Qur'ani imeyakataa. Kivuli kile kile kilicho halali kimekuwa kwao udhuru wa kuacha wajibu. Basi swali si kama kivuli ni halali. Swali ni hili: ulipoingia kivulini, ulimwacha nani juani?

Sikilizeni habari hii. Agosti 2003 joto kali lilishuka Ufaransa, hata mjini Paris likakaribia nyuzi 40. Agosti ni mwezi ambao watu wengi kule wako likizo, baharini, milimani, mahali pa baridi. Katika majuma machache walikufa watu karibu 15,000 zaidi ya kawaida, na wengi wao ni wazee wa miaka 75 na zaidi. Wengi walikuwa peke yao chumbani. Ilipofika tarehe 3 Septemba, maiti 57 ambazo hakuna jamaa aliyekuja kuzichukua zilizikwa katika makaburi ya Thiais, karibu na Paris. Raisi Jacques Chirac mwenyewe alihudhuria. Raisi alikuja, mtoto hakuja.

Tusiwacheke. Wengi wao hawakuwa na nia mbaya. Walifikiri: mama yuko, jirani yuko, tutarudi. Na sisi tunafikiri hivyo hivyo. Utasikia mtu akisema: sisi Waafrika hatuwaachi wazee wetu. Ni kweli? Tazama nyumba za mtaa wako. Yuko mama mzee chini ya bati linalochoma, watoto wako Lubumbashi, Kinshasa, Ulaya. Simu inapigwa, franka zinatumwa, na hiyo ni heri. Lakini simu haimnyweshi mtu maji. Na kuna jambo baya zaidi: wako wanaomwita bibi yao mchawi, ili wasimlishe tena. Wafaransa walisahau, sisi tunamfukuza mzee mchana, watu wakitazama.

Sisemi juu ya yule aliyekimbia risasi usiku akashindwa kumbeba baba yake. Huyo Mwenyezi Mungu anajua uwezo wake, na sisi tumwombee. Nasema juu ya mwenye nafasi, ambaye njia ya kwenda kwa mama yake ni dakika kumi.

Mtume alitusimulia habari za watu watatu walioingia pangoni, jiwe likaporomoka likaziba mlango. Kila mmoja akamwomba Mungu kwa tendo lake jema. Mmoja aliacha zinaa kwa kumwogopa Mungu. Mwingine alimtunzia kibarua mshahara wake mpaka ukawa mali. Lakini wa kwanza kuomba, ambaye kwa dua yake jiwe lilianza kusogea, tendo lake lilikuwa nini? Jioni moja alichelewa kurudi, akawakuta wazazi wake wazee wamelala. Akasimama na chombo cha maziwa mkononi mpaka alfajiri, asiwaamshe, wala asiwatangulizie watoto wake waliokuwa wakilia kwa njaa miguuni pake.

Fahamuni, ndugu zangu. Pango ni zuri kuingia. Kutoka ndiko kazi. Na kaburi ni pango ambalo kila mmoja wetu ataingia, bila tiketi. Huko tutahitaji bakuli kama lile la maziwa.

Basi leo baada ya sala, kabla ya kukaa chini ya mwembe wako, pitia kwa mzee mmoja. Kama wako amekwisha kufariki, nenda kwa wa jirani, hata kama si Mwislamu. Mpelekee maji. Keti naye mpaka jua lipungue.

Ee Mola, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Tutie kivulini mwako siku ambayo hakuna kivuli ila chako. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)