Kabla ya Sindano ya Kwanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baad:

Alitujia ndugu mmoja pamoja na mkewe baada ya sala ya Alasiri. Wameoana miaka sita, na mtoto hawajajaaliwa. Sasa wamefunga nia ya kwenda Nairobi kutibiwa kwa njia ya kukutanisha yai la mke na manii ya mume nje ya tumbo, na hii ndiyo mara yao ya kwanza. Walituuliza: Je, yafaa? Na tujitayarishe vipi? Jawabu tuliyowapa twaiandika hapa, kwani wenye swali hili ni wengi, na haya huwazuia kuuliza.

Ama kufaa, yafaa. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri, akatoa fatwa ya kuijuzisha, na wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi waliokutana Amman mwaka 1986 wakaijuzisha vilevile. Lakini kwa sharti: yai liwe la mke, manii yawe ya mumewe, mimba ichukuliwe na mke huyo huyo, na ndoa iwe ingalipo. Mtu wa tatu haingii, si kwa yai, si kwa manii, wala kwa kuazima tumbo, kwani hapo nasaba huchanganyika. Basi karatasi za hospitali zisitiwe sahihi kabla ya kusomwa zote. Na waulize: mayai yaliyotungishwa yakabaki, yatafanywaje? Maana ndoa ikishakatika kwa kifo au kwa talaka, ruhusa nayo imekatika.

Ama matayarisho, tuanze na mume, kwani hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Nyumba ikikosa mtoto, mji mzima humnyoshea kidole mke. Atapigiwa ramli, atavishwa hirizi, atapungwa, na mume hajapimwa hata siku moja! Na madaktari wametubainishia kuwa illa huwa kwa mume kama iwavyo kwa mke, na pengine kwa wote wawili. Tulimwuliza ndugu yetu: "Wewe umepimwa?" Akainamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyejibu: "Shekhe, mimi nimepimwa mara tatu." Tukamwambia mume: Nenda kesho, wala usingoje Nairobi. Mbegu za mwanamume huchukua kiasi cha miezi miwili na nusu kukamilika. Aachaye sigara leo hatayaona manufaa yake wiki ijayo.

Kisha mali. Asikope kwa riba kutafuta neema ya Mungu kwa njia aliyoiharamisha. Wala asiuze dhahabu ya mkewe ila kwa ridhaa yake, kwani hiyo ni mali ya mke.

Kisha mke. Atadungwa sindano siku kumi au zaidi, atolewe mayai, arudishiwe baada ya siku chache, kisha angoje kiasi cha wiki mbili kujua. Akipatikana daktari mwanamke, huyo ndiye wa kutangulizwa. Ikiangukia Ramadhani na daktari akasema saumu itamdhuru, ale, alipe baadaye. Na siku hizo za kungoja mume awe karibu naye, na mama mkwe azuie ulimi wake.

Mwisho, wajue kuwa dawa ni sababu tu, na mpaji ni Mungu. Wengi hukosa mara ya kwanza. Nabii Zakariya aliomba hali ni mzee na mkewe tasa, akapewa Yahya. Na Bibi Aisha hakuzaa, wala Mtume (S.A.W.) hakumpunguzia mapenzi kwa hilo, naye mpaka leo twamwita Mama wa Waumini. Basi ni nani katika sisi athubutuye kumdharau mwanamke kwa sababu hakuzaa?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie kizazi chema, na awape subira wasiojaaliwa. Amin.