Nani Afungue Pazia

Kwenu ni nani hufungua pazia asubuhi? Si swali la mtego. Kwangu, kwenye bedsita yangu hapa Zimmerman, jibu ni fupi: ni mimi, na siku nyingi sifungui, kwa sababu dirisha linatazama ukuta wa ploti ya jirani na ukuta huo hauna habari mpya. Lakini lipeleke swali hilo kwenye nyumba yenye watu wengi, ama yenye dada wa kazi, ama yenye mgonjwa, uone linavyobadilika. Hapo pazia lina anayefungua na anayefunguliwa, na asubuhi yao si moja.

Nilianza kulifikiria kwa sababu ya pesa. Mimi huandika makala za watu wa mbali, nalipwa kwa idadi ya maneno, na mwaka jana mteja mmoja alitaka makala kumi na mbili kuhusu faida za mapazia ya mota nyumbani. Niliziandika zote. Sidhani kuna mtu mwingine ploti yetu anayejua mengi hivi kuhusu kitu ambacho hajawahi kumiliki.

Kama hujakutana nacho, ni hivi. Kuna bomba juu ya dirisha, kitambaa kinajiviringisha juu ya bomba hilo, na ndani yake imefichwa mota nyembamba. Inatumia stima ya ukutani ama betri ya kuchaji, na nyingine huja na kipande cha sola kinachobandikwa kwenye kioo. Unabonyeza rimoti, ama simu, ama unaipangia saa na haisahau. Si teknolojia ya juzi. Somfy, kampuni ya Ufaransa iliyojijengea jina kwa mota za aina hii, ilianza mwaka wa 1969.

Faida zipo, na sikudanganya mtu. Chumba kinachotazama magharibi hakichemki kama pazia limeshuka kabla jua la alasiri halijapiga kioo, hata kama nyote mko kazini. Ukienda ushago Desemba, pazia linalofunguka na kufungika linamwambia mwizi kuna mtu. Halafu kuna kamba. Mapazia ya zamani ya kuvuta yana kamba zinazoning'inia, na huko Marekani watoto wadogo wamekufa kwa kunyongwa nazo, mpaka viwango vya mwaka wa 2018 vikataka mapazia yanayouzwa tayari dukani yasiwe na kamba ambayo mtoto anaweza kuifikia. Pazia la mota halihitaji kamba. Hiyo peke yake ni faida ambayo siwezi kuifanyia mzaha.

Nyingine nilizicheka nikiandika. London mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba husubiri mpaka saa mbili asubuhi ipite. Kwa mtu wa huko, pazia linalojua jua liko wapi ni jambo la maana. Sisi jua letu la Nairobi mwaka mzima linatoka saa kumi na mbili na dakika kadhaa, na hata hesabu yetu ya saa inaanzia hapo hapo: jua limetoka, moja, mbili, tatu. Pazia la mota hapa unalipangia saa mara moja na unasahau. Karibu lugha yenyewe ingetosha kuliendesha.

Lakini kulikuwa na kitu makala zote kumi na mbili zilikuwa zinakipita pembeni. Kila moja ilisema pazia hili linakuondolea usumbufu. Hakuna hata moja iliyouliza ni usumbufu wa nani.

Nilisoma falsafa mihula mitatu kabla karo haijanishinda, na kitu kimoja kilichobaki kichwani ni Aristotle, kile kitabu chake cha siasa. Anasema mahali kwamba kama kila chombo kingefanya kazi yake kwa kuamriwa, ama kwa kujua chenyewe kinachotakiwa, chombo cha mfumaji kikafuma bila mkono na kinanda kikajipiga, basi mabwana wasingehitaji watumwa. Alitaja jambo hilo kama ndoto, katikati ya kuueleza utumwa kama jambo la kawaida la nyumba. Sasa chombo kinachotii amri kiko dukani, kinauzwa na rimoti ya bure. Ingepaswa kuwa habari njema kwa kila mtu aliyewahi kuwa chombo cha mwingine.

Ingepaswa. Nyumba nyingi za Nairobi zinazoweza kununua mota ya pazia tayari zina dada wa kazi, na kwenye orodha yake pazia ni kazi ya nusu dakika. Mota inamwondolea hiyo nusu dakika na kumwachia sakafu, sufuria, nguo za watoto na watoto wenyewe. Mwaka wa 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, na moja ya mambo unayodai ni mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Hakuna mota inayoleta hayo. Hayo yanaletwa na mtu anayeamua Jumapili kuosha vyombo vyake mwenyewe. Kwa hivyo upande huo wa hadithi naupita haraka: pazia la mota halikumkomboa mtu, na anayeliuza kama ukombozi nitamwandikia makala lakini sitamwamini.

Kilichonibadilisha mawazo ni mjomba wangu wa Ruiru.

Alikuwa dereva wa lori, Mombasa kwenda Malaba na kurudi, miaka mingi. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi na upande wa kushoto ukakataa. Chumba chake kinatazama mashariki, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja kitandani, ikifika saa nne linamchoma uso. Kwa hivyo pazia linahitaji kufunguliwa, halafu kufungwa, halafu kufunguliwa tena mchana, jioni kufungwa. Mara nne. Si kazi. Nyumba ile ina watu watano na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkatalia.

Siku moja nilifika saa tano hivi nikamkuta gizani, macho wazi.

"Mbona giza, mjomba?"

"Wacha tu. Wako na kazi."

Nilikaa naye nikaanza kuelewa hesabu yake. Mtu anayeombea kila kitu huanza kuweka akiba ya maombi. Kuna maombi ya lazima: choo, maji, dawa, kugeuzwa. Hayo hawezi kuyapunguza. Kwa hivyo anapunguza mengine. Anasikia slipa za anti zikija kwenye korido, anasikia siku ambayo zinaburuta, na anaamua pazia linaweza kungoja. Redio inaweza kungoja. Hakuna aliyemwambia anasumbua. Alijihesabia mwenyewe, kimya kimya, na hesabu ikatoka kwamba mwanga ni anasa.

Sisi tunapenda kusema mtu ni watu. Mimi pia nasema. Lakini nimegundua wanaolisema kwa sauti kubwa mara nyingi wako upande wa kusaidia. Upande wa kusaidiwa sauti iko chini kidogo. Alasdair MacIntyre alitoa kitabu mwaka wa 1999 kuhusu jambo hili, akisema wanafalsafa wamemwandika binadamu kana kwamba ni mtu mzima mwenye afya siku zote, wakati sote tumewahi kubebwa na wengi wetu tutabebwa tena, na kwamba kupokea msaada nako ni fadhila ya kujifunza. Nakubaliana naye. Ila nadhani kupokea kuna aina mbili na huwezi kuzitia kwenye gunia moja. Kuogeshwa na mtu anayekupenda, hiyo ni moja. Kuomba mwanga kila siku mara nne mpaka ufe, hiyo ni nyingine, na sioni ni fadhila gani inakuzwa hapo zaidi ya kunyamaza.

Katiba yetu ya 2010 imeliona hili kuliko wauzaji wa mapazia. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake, na pia ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu huo. Vifaa! Tukisikia hivyo tunawaza kiti cha magurudumu na fimbo. Mimi sasa nawaza pia rimoti ya plastiki ya vitufe vitatu. Kwenye zile makala zangu, watu kama mjomba walikuwa sentensi moja chini kabisa, baada ya urembo wa sebule: pia yanafaa kwa wazee.

Basi nikatoa wazo kwenye grupu ya familia. Unajua grupu za familia. Binamu mmoja akauliza kama hizo pesa si afadhali ziende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na swali lake lilikuwa la haki, tulilijibu kwa kuchangisha mara mbili. Mwingine akatuma emoji tu. Anti hakuandika kitu. Alinipigia usiku.

"Kwani mimi nimekataa kumfungulia?"

Nikamwambia hapana, anti, hakuna aliyesema hivyo.

"Nikiingia kufungua pazia ndio namuona," akasema. "Naangalia mdomo kama umepinda kuliko jana. Naangalia kama amelia. Sasa hiyo mashini ikimfungulia, nitaingia kufanya nini?"

Sikuwa na jibu, na wiki nzima sikulipata. Nilikuwa nimefikiria upande wa mjomba peke yake. Kwa anti, pazia lilikuwa sababu. Watu hatuingii chumbani kwa mgonjwa tukatangaza tumekuja kukuangalia kama utaishi. Tunaingia kufungua pazia, kuchukua kikombe, kutafuta chaja, na macho yanafanya kazi yao njiani. Upendo mwingi wa nyumbani unasafiri hivyo, umejificha ndani ya kazi ndogo, na ukiziondoa zote sijui utapandia gari gani. Sioni aibu kusema hoja ya anti ni nzito kuliko kitu chochote nilichosoma ile mihula mitatu.

Bado nilikuwa upande wa mota. Ukiangalia vizuri, kwenye mpango wa anti ni mjomba anayelipa nauli. Giza lake ndilo lilikuwa kengele ya kutuita. Ili sisi tupate sababu ya kumwona, yeye abaki bila njia ya kufungua dirisha lake mwenyewe. Kama lazima mtu atafute kisingizio, naona afadhali tutafute sisi tunaotembea. Nilimwambia anti hivyo, kwa heshima na kwa maneno mengi zaidi. Akasema, "Haya, leteni hiyo kitu yenu," kwa ile sauti ambayo si ndiyo wala hapana.

Fundi aliifunga Jumamosi moja, ya betri, kazi ya chini ya saa moja. Wacha nikuambie ambacho hakiko kwenye makala yoyote ya faida. Wiki ya kwanza mjomba aliifungua na kuifunga kama mtoto aliyepewa toi. Wiki ya pili binamu yangu, ambaye hulala chumba cha pili, akawa anasikia ile mota ikinguruma polepole saa nane za usiku. Akaenda kuangalia akidhani imeharibika. Mjomba alikuwa ameifungua anatazama taa za malori kule Eastern Bypass. Alikuwa anahesabu ekseli.

Hilo ndilo jambo ambalo bado nalizungusha kichwani. Hakuna siku mjomba angemwamsha mtu saa nane usiku amfungulie pazia aone malori. Hitaji la lazima unaliombea hata kama ni aibu. Hamu ndogo isiyo na sababu huwezi, kwa sababu ukiulizwa ni ya nini huna la kusema. Nadhani sehemu kubwa ya kuwa mtu mzima imejaa hizo hamu: kutoka nje kuangalia mawingu, kufungua friji bila njaa. Tulikuwa tumemtunza mjomba vizuri sana, miaka mitatu, na kwa miaka hiyo yote hakuwa amefanya hata jambo moja la upuuzi.

Na anti? Sitakudanganya. Mwanzoni alipunguza kuingia. Asubuhi zilikuwa zinapita pazia limejifungua lenyewe saa moja kamili na hakuna mtu aliyeingia mpaka chai iive. Mjomba aliliona hilo kabla yetu. Hakusema neno. Alimwomba binamu atoe ile saa iliyopangwa kwenye simu, pazia lisifunguke lenyewe asubuhi.

Nililala huko mwezi uliopita. Saa kumi na mbili unusu nikamsikia anaita kutoka chumbani, "Mama watoto! Njoo unifungulie hapa."

"Na si rimoti unayo hapo kifuani," anti akajibu kutoka jikoni. Slipa zilikuwa tayari kwenye korido.