Chupa Isiyofunguliwa

Je, kitu kilichotengenezwa ili kitumike, kisipotumika, kimepotea bure? Swali hili limetushughulisha sana nyumbani kwetu Wete, kwa sababu ya chupa moja ya bia.

Chupa hiyo tuliikuta ndani ya kasha la marehemu mama yetu, chini ya kanga na vitabu vya nyimbo. Lebo yake yasema ni ukumbusho wa harusi ya Charles wa Uingereza na Diana, iliyofungwa tarehe 29 Julai 1981 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Viwanda vya bia vya huko vina desturi ya kutoa chupa maalumu katika sherehe za kifalme. Mama aliletewa zawadi na muuguzi Mwingereza aliyefanya kazi naye. Kizibo hakijaguswa. Mdogo wetu alitaka iuzwe kwa wanaokusanya vitu vya kale, kaka akataka imwagwe, dada akataka irudishwe kashani.

Tukianza na hoja ya kuitunza, bia nyingi hazitengenezwi zikae miaka. Joto huiharibu ladha yake, na joto la Pemba twalijua. Hata ndoa yenyewe haikudumu: wawili wale waliachana mwaka 1996, na mwaka 1997 Diana akafariki Paris. Kilichosalimika ni kioo na karatasi. Furaha haidumu kwa kufungiwa. Bwana wetu alipotaka tumkumbuke, hakutuachia kitu cha kuweka kabatini, bali mkate wa kumega na kikombe cha kupokezana.

Basi, je, mama alikosea kutoifungua? Hatudhani. Hakuiona bia kuwa dhambi. Alipokwenda harusini bara alikunywa kwa kiasi. Lakini hapa kisiwani karibu watu wote ni Waislamu, nasi Wakristo tu wachache. Ramadhani ikifika, sahani ya futari huletwa mlangoni petu. Msimu wa karafuu, mvua ikitanda, majirani huanua karafuu zetu kabla hatujafika uani. Mama alijua kwamba bia mezani ingemfanya jirani asite kula katika vyombo vyetu. Hakuna aliyemkataza, alijizuia mwenyewe.

Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, afundisha kuwa ni vema kuacha nyama na divai kuliko kumkwaza ndugu. Mtu aweza kusema kwamba Paulo alizungumzia waumini wenzake, si watu wa dini nyingine. Ni kweli. Lakini Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa kisa cha Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye. Upendo hauishii kwenye mlango wa kanisa.

Kwa nini basi hakuitupa? Kwa ajili ya aliyeileta. Mtu aliyebeba chupa safari yote ile hakubeba bia tu, alibeba urafiki. Mama hakuinywa kwa ajili ya jirani, wala hakuitupa kwa ajili ya rafiki.

Katika 2 Samweli 23, Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Hakuyanywa, aliyamimina mbele za Bwana. Hakufanya hivyo kwa kuyadharau, bali kwa kuwa yaligharimu mno kuwa ya kukata kiu yake tu. Kumbe kitu chaweza kumwagwa kwa heshima, na kisinywewe, na bado kisiwe kimepotea.

Kisa hicho kilitupatanisha. Tulikubaliana bia imwagwe, na barua iandikwe kwa binti wa muuguzi yule, kumweleza jinsi mama yake alivyopendwa hapa. Kwa maana deni letu halikuwa kwa chupa, lilikuwa kwa watu.

Wapendwa, uhuru tulio nao katika Kristo haupimwi kwa yale tunayoruhusiwa kufanya peke yake. Hupimwa pia kwa yale tunayoweza kuyaacha bila kinyongo, na bila kumtangazia jirani kwamba tumeyaacha kwa ajili yake. Mama yetu alijinyima hivyo miaka mingi, na hata sisi watoto wake hatukujua.